Injini ya Tobias Ilivyonyamaza

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba riziki yako ni kutengeneza injini za boti, atakutazama miguuni aone kama viatu vyako vinafanana. Mji wenyewe hauna bahari, hauna ziwa, una mto mmoja tu ambao hata bata huuvuka kwa miguu. Lakini Zedekiah Oluoch alikaa Ngara tangu sitini na nne mpaka sabini na tisa akitengeneza injini za boti, na sikumwona akilala njaa. Wazungu wa Naivasha walimletea zao nyuma ya gari. Klabu ya mashua ya bwawani, pale Nairobi Dam, ilimletea. Na kutoka ziwani kwao, upande wa Homa Bay, zilikuja kwa treni, zimeshonewa ndani ya magunia, jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi.

Mimi ni Muthama, fundi wa bati, mtu wa Kangundo. Kibanda tulikuwa tunagawana, uchochoroni nyuma ya maduka ya jumla: yeye upande wa pipa la maji, mimi upande wa jiko la makaa. Nilitengeneza koroboi, karai na ndoo, lakini kazi iliyonilisha hasa ilikuwa kuziba. Sufuria inavuja, lete. Dumu linavuja, lete. Nilikuwa na kiburi nayo, sikatai. Lehemu yangu huwezi kuiona. Nikishaziba napitisha tupa, napaka rangi, na mwenye chombo ananiuliza tundu lilikuwa wapi.

Zedekiah alikuwa ananiudhi, Mungu anisamehe. Mtu mzito! Kabla ya kufungua injini ananawa mikono kama anakwenda kula. Halafu anaegemeza bisibisi kwenye chuma, mpini wake sikioni, anafunga macho, anasikiliza. Mteja amesimama, jua linawaka, yeye anasikiliza tu. Nikimwambia, bwana, hiyo ni injini si mgonjwa, ananijibu kwamba mgonjwa husema uongo, injini haisemi. Na kweli akifungua, ugonjwa upo palepale alipoonyesha kwa kidole. Kwa miaka tisa sikumwona akikosea.

Jambo moja mlijue mapema, kwa sababu bila hilo haya yote yasingetokea. Zedekiah alikuwa Msabato, tena wa kweli. Jumamosi hagusi spana hata umwekee dhahabu. Mimi ni wa kanisa la AIC, siku yangu ni Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi kibanda kilikuwa changu peke yangu, na Jumapili chake peke yake. Tulitaniana sana kwa hilo. Alisema mimi nampumzikia Mungu siku ambayo Mungu ameshaamka na kurudi kazini.

Alikuwa na mdogo wake, Tobias, mvuvi upande wa Homa Bay. Kijana wa watu, mchekeshaji, meno yote nje. Mwaka wa sabini na tatu Zedekiah alipata injini kuukuu kutoka kwa mzee mmoja wa Naivasha aliyekuwa anahama. Aliifanyia kazi miezi miwili, akaifanya mpya, ili Tobias aache kupiga makasia. Tangi lake lilikuwa la bati jembamba, jekundu, la kuwekwa chini ndani ya boti, na petroli ilipita kwenye paipu mpaka kwenye injini. Mwisho wa Machi Tobias akaja kuchukua mzigo wake. Zedekiah akamwambia asubiri Jumapili, asisafiri siku ya Sabato. Tobias akaitikia vizuri, ndiyo kaka, ndiyo kaka. Jumamosi asubuhi kaka yuko kanisani, huyo Tobias yuko kwenye mkokoteni na injini yake, mbio kituo cha basi.

Baada ya saa moja akarudi kwangu na tangi mkononi, anacheka na kulaani. Utingo amelikataa. Tangi linatoa petroli, abiria wanalalamika harufu, mwanamke mmoja ametishia kushuka. Nikaligeuza. Kwenye kifuniko, si juu, ni ubavuni, chini ya ukingo, palikuwa na tundu dogo la kupitisha sindano, na ukililaza tangi petroli inadondoka hapo tone tone. Nikasema, hili tu? Nikamwaga petroli yote kando, nikasuuza kifuniko, nikawasha jiko mbali. Tone moja la lehemu. Tupa. Rangi nyekundu ninayo, rangi ileile. Tobias akalipindua tangi kichwa chini miguu juu, halikutoa hata jasho. Akanipiga bega. Akaniomba kitu kimoja: nisimwambie kaka yake, asije akajua amesafiri Sabato. Nikamwambia nenda zako, mimi sijakuona. Akaenda anapiga mluzi.

Boti ilikuwa bado inapigwa lami, kwa hiyo injini ilikaa nyumbani mpaka mvua zikaanza. Siku ya kwanza kuingia nayo ziwani, Tobias hakurudi.

Waliokuwa ufukweni walisimulia hivi. Injini ilinguruma vizuri, wakamshangilia. Alipofika mbali ikaanza kupunguza nguvu, sauti ikishuka kidogo kidogo kama mtu anayesinzia, halafu ikanyamaza. Walimwona amesimama anavuta kamba ya kuiwashia, anavuta, anavuta. Upepo ukageuka, mvua ikaja katikati, hawakumwona tena. Siku ya tatu boti iliokotwa kwenye matete, injini ipo, tangi lipo mahali pake, mtu hakuna.

Injini ikaja Ngara katikati ya Mei ndani ya gunia, na barua ya mama yao, iliyoandikwa na mwalimu kwa niaba yake. Mama Awiti, ndivyo alivyoitwa. Zedekiah alinisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno. Mama alisema: injini hii uliitengeneza wewe. Nataka kujua ni nini kiliizima. Kama ni ziwa, nitamzika mwanangu. Kama ni mkono wako, usije kwenye kaburi lake. Alisema pia kwamba baada ya wiki tatu atakuja Nairobi, kwa Lornah, dada yao aliyeolewa na karani wa kaunsili huko Woodley, na hapo atataka jibu.

Nikamuuliza Zedekiah, atamzikaje na mwili haupo? Akanieleza. Kwao mtu akipotea majini, wanachuma tunda la mwegea, lile refu kama gogo, wao huliita yago, wanalivika na kulizika badala ya mtu. Kwetu Ukambani tunda hilohilo linatiwa kwenye pombe ya mahari. Nimelinywea mara ngapi nikicheka, sikujua kwa wengine ni maiti.

Siku ile ile akaifunga injini kwenye pipa, akajaza maji. Akaunganisha tangi lile lile la Tobias. Mimi nilimwambia atumie letu, akakataa, akasema ataisikiliza kama ilivyokuwa siku ile. Tangi lilikuwa bado limejaa karibu pomoni. Akashika kifuniko kwa kitambaa, akazungusha ili aangalie petroli.

Tangi likavuta pumzi.

Sijui niseme vipi. Si mlio wa chombo. Ni vile mtu aliyezama anavyotoa kichwa juu ya maji, ile hewa ya kwanza, ndefu, yenye uchungu. Halafu ubavu wa bati ukalia, ngo. Wangui, mama aliyekuwa akituuzia chai pale mlangoni, aliacha birika chini. Tulitazamana wote watatu mchana wa saa saba, jua la utosi, na mikono yangu imeota vipele vya baridi.

Najua mtasema fundi angejua hapo hapo. Kweli, angekuwa mteja mwingine yeyote, Zedekiah angejua kabla sijamaliza kupiga chafya. Lakini tundu lile la kifuniko alilitoboa yeye mwenyewe kwa keekee yake, Februari, kwa sababu skrubu ya kupitishia hewa ilipotea zamani. Kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako hurudii kukitazama. Na msiba nao una pamba zake, unazitia masikioni. Alichosikia pale si hewa. Alimsikia Tobias.

Akavuta kamba. Injini ikashika mvuto wa kwanza, injini iliyolala siku tatu kwenye mvua. Ikapiga vizuri. Akaongeza moto, maji ya pipa yakachafuka. Nilikuwa na saa ya mkono, nikatazama tu bila sababu. Dakika ya kumi injini ilikuwa bado nzima. Ya kumi na moja sauti ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka, na ndani ya kule kushuka tukasikia: ngo. Kimya kidogo. Ngo. Kama mtu anabisha mlango. Injini ikazima.

Zedekiah akatoa plagi, zilikuwa na masizi, akaweka mpya. Akafungua tangi kuongeza petroli, likavuta pumzi. Akawasha, ikashika vizuri, akanitazama kwa matumaini. Dakika ya kumi na moja, ngo, ngo, kimya.

Kesho yake alifungua kabureta, akaisafisha kwa brashi ya meno. Akaongeza petroli. Ikashika. Dakika kumi na moja. Siku iliyofuata alibadilisha koili, akisema koili mbovu huchoka ikipata joto. Dakika kumi na moja. Akafungua pampu ya maji, pampu ya petroli, akapima mkandamizo wa silinda kwa kidole gumba. Kila akitengeneza kitu lazima aongeze petroli, na kila akiongeza petroli injini inaamka, kwa hiyo kila siku alidhani amepona, na kila siku alifiwa upya. Ngozi ya uso wake ilianza kulegea. Nilimhurumia mpaka nikaacha kumtania.

Wangui alihamisha meza yake ng'ambo ya uchochoro. Hakusema sababu. Wateja wangu nao walianza kuniachia sufuria kwa huyo Wangui badala ya kuingia ndani. Na mimi, mzee wa kanisa mtarajiwa, niliogopa. Naam, niliogopa! Nilikuwa nachelewa kufika makusudi, nipitie sokoni, nisalimie watu nisiowajua, ilimradi nisikae na lile tangi peke yangu. Jumamosi nililifunika gunia. Adhuhuri hivi likabisha mara moja, ngo, chini ya gunia, na injini haijawashwa na mtu. Nikajiambia ni jua limepasha bati. Mimi ni fundi wa bati, nalijua bati. Lakini nilifunga kibanda nikaenda nyumbani.

Siku iliyonimaliza ilikuwa Alhamisi ya wiki ya pili. Injini inapiga, Zedekiah ameegemea pipa, macho kafumba. Mimi nagonga ukingo wa karai. Sauti ikaanza kushuka. Tangi likabisha. Na Zedekiah, bila kufumbua macho, kwa sauti ya kawaida kabisa, akaitika.

"Karibu," alisema.

Nyundo ilinitoka mkononi.

Nilimwambia hapo hapo kwamba sasa basi, tunatoka na hii kitu kwenye pipa. Injini ya boti ni ya boti. Nilisema pengine kwenye maji ya kweli ataona kitu. Ukweli ni kwamba nilitaka itoke chumbani mwetu. Alikubali. Tukapanga Jumapili, nami nikakosa ibada, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu nibatizwe.

Pale Nairobi Dam mtunza mashua alikuwa mtu anayeitwa Shem, rafiki yake Zedekiah. Alitupa boti ndogo ya mbao bila maswali. Kisha akauliza injini ni ya nani. Alipoambiwa, alirudi nyuma akasimama mikono mfukoni, na boti tukaisukuma wenyewe. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, magugu yameanza kushika ukingoni. Upande wa Kibera walikuwa wanaimba kanisani, tunawasikia waziwazi. Zedekiah alikaa nyuma kwenye injini, mimi katikati, tangi katikati ya miguu yangu. Sijui kuogelea. Mkamba ataogelea wapi?

Injini ilishika. Boti ikainua pua, tukakata maji. Nilishika saa. Kumi na moja hazikufika. Zilifika saba tu, maana kusukuma boti ni kazi, na injini ikifanya kazi inakunywa zaidi. Saba, na sauti ikaanza kusinzia. Tulikuwa katikati kabisa. Nikatazama chini, kwa sababu sikutaka kutazama uso wa Zedekiah.

Nikaona ubavu wa tangi unaingia ndani. Polepole, kama shavu la mzee anayenyonya muwa. Uliingia, ukafika mahali bati haliwezi tena, ukabonyea. Ngo.

Injini ikazima. Wale wa Kibera nao walikuwa wamemaliza wimbo, sijui, lakini kimya kilitufunika. Upepo ulituzungusha taratibu. Zedekiah hakuvuta kamba. Alikuwa ameinamia maji anazungumza Kijaluo, kwa upole, maneno mengi, anasimama kusubiri jibu, anaendelea. Na mimi wakati huo huo nilikuwa nimeshajua, jamani. Nalijua bati. Bati halibonyei ndani isipokuwa limenyonywa, na halinyonywi isipokuwa limezibwa. Nilipeleka kidole chini ya ukingo wa kifuniko, ubavuni. Palikuwa laini. Laini kabisa, kazi safi, kazi yangu.

Tundu lile halikuwa linavuja. Ndipo tangi lilipokuwa linapumulia. Petroli ikitoka, hewa iingie. Hewa isipoingia, petroli haitoki. Hata mtoto akinyonya chupa ya soda bila kutoa mdomo anajua. Na mimi nililiona tundu nikaona kosa, kwa sababu maisha yangu yote, kwangu mimi tundu ni kosa.

Nikafungua kifuniko. Tangi likavuta pumzi, lile bati likarudi nje. Hapo nikaelewa na ile pumzi ya kwanza, ya siku gunia lilipofunguliwa. Tangi lilikuwa halijafunguliwa na mtu tangu Tobias alifunge kwa mkono wake. Alivuta kamba mpaka mwisho na petroli imejaa miguuni pake, na ile hewa tuliyoisikia Ngara ni hewa aliyoikosa yeye.

Nikamwambia Zedekiah avute. Injini ikashika mvuto mmoja. Aligeuka akanitazama, machozi yamemwagika mpaka kwenye kola. Akasema amepumua. Ndugu yangu amepumua.

Na mimi sikusema kitu.

Tulipanda kwa miguu mpaka Kenyatta Market, tukaagiza nyama. Hakula. Alinieleza kwamba ameshaamua. Amefungua kila kitu, ameweka kila kitu kipya, na kosa halionekani. Kama fundi haoni kosa, basi kosa ni yeye. Atamwambia mama ni mkono wake. Hatakwenda kaburini, na hatashika injini tena. Ataomba kazi ya kulinda geti, kuna mtu anamjua Lavington. Alisema bila kulalamika, kama mtu anayesoma bei. Nilikula nyama yangu. Halafu, kwa sababu ilikuwa pale na sikuweza kumtazama, nikala na yake.

Siku nne nilijitetea. Mimi si mtu mbaya. Nilitumwa nizibe nikaziba. Aliyetaka ni marehemu mwenyewe, na ya marehemu hayasemwi. Nitamwanika kwa mama yake kwamba alisafiri Sabato? Nilijiambia na hili: Zedekiah na mama yake watasameheana, damu nzito kuliko maji. Mimi Mkamba wa watu nitasema nini nitoke salama katika nyumba iliyojaa Wajaluo wenye msiba? Hivyo ndivyo nilivyojisemea, na kila nilipomaliza kujitetea nilimwona akitia spana zake kwenye gunia, moja moja, akizifuta.

Ijumaa mchana nilikwenda Woodley. Kifuniko nilikiiba kibandani asubuhi, nikakitia mfukoni.

Nyumba ya Lornah ilikuwa na ua wa maua na mlango wa kijani. Watu walikuwa wachache: Lornah, mumewe, Zedekiah amekaa kwenye stuli kama mshtakiwa, na mama yao. Mama Awiti alikuwa mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani. Kando yake, kwenye kiti kizuri kuliko vyote, palikuwa na kitu kimevikwa shati la bluu, vifungo vimefungwa mpaka juu. Nililijua lile shati, ndilo Tobias alilovaa Jumamosi ile. Lornah aliniona ninavyotazama, akanieleza kwa sauti ndogo kwamba mama hakutaka kumzika kabla ya kujua, na hakutaka kumwacha nyumbani peke yake, kwa hiyo amekuja naye kwa treni. Nilitafuta pa kukaa mbali na kile kiti. Hapakuwepo.

Mama akamwambia Zedekiah aseme. Zedekiah akasimama. Akasema mama, nimeitazama, na ni mkono...

"Si mkono wake," nilisema. "Ni wangu."

Sikumbuki kusimama, lakini nilikuwa nimesimama. Nilitoa kifuniko, nikakwangua rangi kwa msumari mbele ya macho yao mpaka lehemu ikang'aa. Nikasema yote. Jumamosi, basi, petroli, utingo, na kwamba Tobias alicheka. Nilisema na la Sabato, kwa kuwa ukificha moja utaficha yote. Nilisema hata la dam, kwamba nilijua tangu Jumapili nikanyamaza. Lornah alikuwa anatafsiri, na alipofika hapo aliacha, mumewe akamalizia. Zedekiah hakunitazama. Aliangalia mikono yake, anaigeuza, nje na ndani.

Mama Awiti alinyoosha mkono, nikampa kifuniko. Akakiweka mdomoni, pale ubavuni, akapuliza. Mashavu yalijaa. Akapuliza tena kwa nguvu zake zote za uzee, mishipa ya shingo imetoka, na hakuna hewa iliyopita. Tulimtazama tu, hakuna aliyethubutu kumzuia. Akakiweka chini.

Nilingoja kufukuzwa, au kulaaniwa. Kwa kweli nilikuwa natamani kulaaniwa nitoke. Aliinuka, akaenda kwenye kiti, akalichukua lile lililovikwa shati kwa mikono miwili, akaja nalo mpaka kwangu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na kigumu.

"Wewe ndio mliagana," alisema. "Wewe utamrudisha."

Akaniwekea mikononi.

Lilikuwa zito! Zito kuliko nilivyodhani, zito la mtu aliyelala. Shati lilinuka sabuni na moshi. Nilitaka kusema kwamba kesho ni Jumamosi, nina kazi za watu, nina mke hajui niko wapi. Badala yake nikalipakata vizuri. Treni ya Kisumu iliondoka jioni ile ile, na tangu mlango wa kijani wa Woodley mpaka stesheni sikuliweka chini, si ndani ya teksi, si kwenye foleni ya tiketi. Mama alitembea nyuma yangu. Watu walinipisha njia. Hawakujua ni nini, lakini walinipisha.

Zedekiah alitangulia mbele na masanduku, hakugeuka hata mara moja. Jua lilikuwa bado halijazama, na kwao Sabato huingia jua la Ijumaa likizama, naye atasafiri ndani yake, yeye ambaye hakuwahi. Alipanda behewa la daraja la tatu kwanza. Nami nikaweka mguu kwenye ngazi, mikono yote imejaa, na tunda likaniteleza upande mmoja, likaning'inia nje ya kiwiko changu.

Ndipo alipogeuka. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifungue mdomo, kisha akatazama nilichobeba.

"Muthama," alisema. "Shikilia kichwa."